Mjadala: Maji kati ya Kwale na Pemba, Kenya iyape jina lake?

Mwanzisha mada (Kasarani)
Ramani zinazosomwa hapa Nairobi huandika Mlango wa Pemba (mlango wa bahari, yaani maji membamba kati ya nchi kavu mbili) kwenye maji yote yanayotazamana na Vanga, Shimoni na Wasini. Pemba ni kisiwa cha Tanzania. Mwaka 1975 tuliliondoa jina la Rudolf tukaweka Turkana, na dunia ikatufuata. Napendekeza sehemu ya kaskazini, ile iliyo ndani ya maji ya Kenya, iitwe Mlango wa Wasini kwenye ramani za serikali na vitabu vya shule. Wavumba, Waswahili wa Vanga na Wasini, wamevua humo karne kwa karne, na ramani hizo haziwataji. Anayepinga alete hoja.

Mpimaji (Ruaraka)
Napinga, na nianze na lililo zito zaidi: jina hilo lina mahali pake tayari. Mlango wa Wasini ni ule mwembamba unaotenganisha Shimoni na kisiwa cha Wasini. Ukilitandaza jina hilo hadi nusu ya njia ya kwenda Pemba, utakuwa na milango miwili yenye jina moja, mmoja ndani ya mwingine. Mashine ya boti ikizima usiku na mtu akasema redioni "niko Mlango wa Wasini", waokoaji waanzie wapi? Penye maji yanayoonekana kutoka gatini, au maili 9 nje, penye kina kirefu na mkondo unaovuta kaskazini?

Ziwa Turkana nalo si mfano unaofaa. Karibu lote liko Kenya. Maji haya yamegawanywa. Kutoka Mpunguti ya Juu, kisiwa kidogo cha Kenya, hadi Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, ni chini ya maili 24 za baharini, yaani chini ya kilomita 44. Kila nchi ikihesabu maili zake 12 za bahari ya nchi kutoka kwake, madai yanapandana. Ndiyo sababu Kenya na Tanzania zilibadilishana barua kati ya Desemba 1975 na Julai 1976 kukubaliana mpaka. Mpaka ule umewekwa kwa pointi na mistari, haukuwekwa kwa jina. Kenya haipotezi hata mita moja kwa sababu ya neno Pemba, kama Madagaska na Komoro zisivyopoteza kitu kwa kuwa Mlango wa Msumbiji unaitwa hivyo.

Mwalimu wa Jiografia (Buruburu)
Naunga mkono jina libaki, lakini kwa sababu ya sakafu ya bahari. Kati ya Unguja na bara maji ni mafupi, sehemu kubwa haizidi mita 60 hivi. Miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120 kuliko leo, na Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Pemba haikuwa. Kati yake na bara kuna bonde linalofika mamia ya mita kwenda chini, na bonde hilo halikatiki penye mpaka wa nchi. Kulipa majina mawili ni kumfundisha mtoto kwamba kuna maumbo mawili.

Ombi langu kwa waandishi wa vitabu: acheni kuandika "Mkondo wa Pemba" mkikusudia mlango. Mwanafunzi akiambiwa aonyeshe mkondo huchora mshale wa maji yaendayo, na ana haki, kwa sababu Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki unapita hapo hapo kuelekea kaskazini. Na mji wa Pemba wa Msumbiji, uliokuwa Porto Amélia, uko karibu na latitudo 13 kusini. Nao huchanganywa na kisiwa hiki.

Mwanasheria (Upper Hill)
Utaratibu upo. Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa kusanifisha majina ya kijiografia, Athens 1977, ulipitisha azimio namba III/20: nchi zinazoshiriki umbo moja zijitahidi kukubaliana jina moja, zikishindwa, jina la kila upande likubaliwe. Kwa hiyo Mwanzisha mada hajakosa msingi kabisa. Ila hatua ya kwanza ni kuzungumza na Tanzania, si kuchapisha kitabu kipya. Na msipeleke ombi hili kwa kamati ya kimataifa ya majina ya chini ya bahari. Ile hushughulikia milima na mabonde ya sakafuni, tena hasa yaliyo nje ya bahari ya nchi.

Mwanzisha mada
Nimeyasikia ya uokoaji, na jina la Wasini naliondoa. Dai langu la msingi silitoi. Mnatetea jina kubwa huku majina madogo ya wavuvi yakifa. Mafungu ya mchanga na miamba kati ya Vanga na kisiwa cha Kisite ina majina ambayo hayamo kwenye ramani yoyote ninayoijua. Hayo yanahitaji idhini ya Tanzania?

Mpimaji
Yaliyo upande wetu hayahitaji, na hapo tuko pamoja kabisa ndugu yangu. Lakini yakusanywe vizuri, maana jina likiwekwa mahali pasipo pake ni hatari kuliko kukosa jina.

Waulizwe wavuvi wa Vanga, Jimbo, Shimoni na Wasini, kila kijiji peke yake, kabla hawajasikia jibu la wenzao. Jina liandikwe kama msemaji anavyolitamka, awe anasema Kivumba au Kichifundi, lahaja za Kiswahili za huko. Asitokee mhariri wa Nairobi akalisanifisha. Kila jina liwe na tarehe na hali ya maji. Fungu linaloibuka wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, huenda lisionekane siku za maji mafu, yanapokupwa kidogo, na atakayerudi siku hizo ataandika kwamba halipo.

Makosa makubwa hutokea kwenye namba za latitudo na longitudo. Nyuzi 4 na dakika 40 si 4.40, ni 4.667. Anayeandika 4.40 amehama maili 16 kaskazini, karibu kilomita 30, na mwamba wake ataupanda nchi kavu. Ramani za zamani za Kenya zinatumia mfumo wa kupimia mahali uitwao Arc 1960, simu inatumia mwingine, WGS84; ukinakili bila kubadilisha, nukta husogea karibu mita 300. Kwa jahazi linalotafuta njia kati ya miamba, mita 300 ni kupita au kupasuka.

Baharia (South B)
Na mipaka ya mlango wenyewe? Chapisho la kimataifa la mipaka ya bahari la mwaka 1953 linataja Mlango wa Msumbiji, mpaka wake wa kaskazini ukianzia mdomo wa Ruvuma hadi kisiwa cha Grande Comore hadi Cap d'Ambre, ncha ya kaskazini ya Madagaska. Wa Pemba haumo. Napendekeza kusini uwe mstari kutoka Pangani, bara, hadi Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba.

Mpimaji
Kusini nakubali. Kaskazini nauanzia Mpunguti ya Juu hadi Ras Kigomasha.

Mwanzisha mada
Kaskazini sikubali. Mstari huo unawaacha Wasini nje ya mlango wanaouvua. Uanzie Shimoni.