Fimbo za gofu za zamani: nisugue kutu au niache?

Mgeni_wa_Fimbo: Wakuu, habari zenu. Mzee mmoja aliyekuwa anahama nyumba amenipa fimbo tatu za gofu. Mbili zina vichwa vya chuma. Ya tatu ina kichwa cha mbao, kirefu na chembamba, shingoni imezungushiwa uzi mweusi. Chuma kimoja hakina mistari usoni, na nyuma kimepigwa mhuri mdogo wa kiko. Nataka kupiga msasa zing'ae, kisha nizitundike ukutani. Kuna ubaya?

Mpini_wa_Hikori: Mkuu, tafadhali weka huo msasa chini! Kiko ni alama ya Tom Stewart, mhunzi wa St Andrews, Uskoti. Mhuri kama huo ndio roho ya fimbo. Ya kwanza kabisa kuipata niliisugua usiku mmoja, na kulipokucha jina la fundi lilikuwa limefutika. Mpaka leo sijui niliifuta kazi ya nani, na bado inaniuma.

Kutu inayomenyeka ifute kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, basi. Mpini upake mafuta ya kitani kidogo sana. Ngozi ya mshiko usiibadilishe hata kama imechakaa.

Sasa hiyo ya mbao ndiyo inayonikosesha usingizi. Fungua macho chini ya uzi, bila kuufungua: je, kichwa na mpini vimekatwa mshazari vikaunganishwa kwa gundi? Nyuma ya kichwa kuna madini ya risasi yaliyomiminwa? Ukingo wa chini mbele una kipande cha pembe? Vichwa virefu hivyo ni vya enzi za mipira ya ngozi iliyojazwa manyoya. Mpira wa gutapacha, yaani utomvu mgumu wa mti, ulipoingia mwaka 1848, ugumu wake ulivipasua, ndipo mafundi wakaanza kuvifupisha na kuvinenepesha.

Sumaku: Pitisha sumaku kwenye mipini yote mitatu. Mipini ya chuma iliruhusiwa Uingereza mwaka 1929, na baadhi ya watengenezaji waliivika plastiki yenye rangi ya mbao.

Mgeni_wa_Fimbo: Sumaku imenasa kwenye mpini wa ile ya chuma yenye mistari! Kwenye mpini wa ile ya kiko haikunasa. Ya mbao ina risasi na pembe, imefungwa kwa vigingi vitatu vidogo vya mbao.

Mpini_wa_Hikori: Vigingi vitatu! Usiitundike juani wala karibu na jiko. Piga picha ya juu ya kichwa, jina la fundi huwa hapo.