Atul Shah alijenga Nakumatt ama alirithi tu?

Section58: Wadau, jana kwa kinyozi karibu watu wanyoane na chupa. Mmoja anasema Atul Shah ni shujaa, alichukua biashara ya magodoro ya familia hapa Nakuru (Nakuru Mattresses, si ndo jina likakatwa ikawa Nakumatt) akaifanya supermarket yenye matawi zaidi ya 60, Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwingine anasema huyo alizaliwa dukani, akapewa funguo, akazitupa. Semeni.

MamaLanet: Kuzaliwa dukani si kosa, wengine tulizaliwa shambani na bado hatujui kulima. Shida ni kufungua tawi jipya na pesa ya mtu aliyekuletea mkate. 2017 mashelfu yalibaki matupu, 2018 akaletwa msimamizi wa korti, 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Hapo urithi ulisaidia nini?

RiftBoy: Polepole jamani. Supa za Nakumatt, Tuskys, Naivas, zote mizizi iko Nakuru county. Tukiwafundisha Wakenya kusukuma troli, nyinyi wa Kisumu mlikuwa soko la Kibuye mnapimiwa omena na gorogoro.

JaKisumo: Eti?? Supa ya Ukwala ilianza wapi, si kwetu? Na hizo troli mlizisukuma zikaishia wapi omera? Omena ya Kibuye haijawahi wekwa chini ya msimamizi wa korti.

RiftBoy: Ukwala mliuzia Choppies, supa ya Botswana, nao wakafunga virago. Punguza domo.

KitaleKwetu: Supa ya Khetia's mnairuka tu, ilianza na vitambaa hapa Kitale na bado iko. Endeleeni kupigana nyinyi wa lami.

Section58: Jamani swali lilikuwa Shah...

Mwalimu_Njoro: Familia ndo sumu. Angalia Tuskys, ndugu kwa ndugu kortini.

MamaLanet: Na si Tuskys walikuwa na CEO wa nje, Dan Githua? Ikaanguka vilevile. Naivas ilikuwa ya familia pia, 2022 wakauzia kampuni ya IBL ya Mauritius na wenzake asilimia 40, na taa bado zinawaka. Mimi nimepelekea supa moja mayai, sitaji jina, nikaambiwa "kuja Ijumaa" miezi minane.

RiftBoy: Kumbe wewe ni wa mayai, tulidhani mchumi 😂

MamaLanet: Hayo mayai yamesomesha watoto watatu wewe kijana, wako wapi wako?

JaKisumo: Mama mnyoroshe huyo. Na tray ni ngapi siku hizi?

MamaLanet: Kwako cash. Mambo ya Ijumaa sitaki.