Tupeane uzoefu: samaki waliokufa alfajiri

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, naomba kila aliyewahi kuamka akakuta samaki wameelea matumbo juu aeleze aliyoyaona, kwa sababu mimi nilipoteza karibu bwawa zima kwa usiku mmoja, na kwa siku tatu nikawa nimeshikilia kwamba nimewekewa sumu. Maji yalikuwa ya kijani iliyokolea, na jioni yake samaki walikuwa wachangamfu kabisa. Alfajiri niliwakuta waliosalia wametoa midomo juu ya maji wakihema, na karibu wote walikuwa wadogo; wakubwa ndio waliotangulia kufa. Kambare wangu wawili hawakuwa na habari. Hilo peke yake lingetosha kuniondolea dhana ya sumu, maana sumu haibagui hivyo, ilhali kambare ana kiungo cha kumwezesha kuvuta hewa ya juu pale maji yanapoishiwa oksijeni.

Niliazima kipimo. Saa kumi alasiri kilisoma miligramu 14 za oksijeni kwa lita, na saa kumi na moja alfajiri kikasoma 0.8. Mwani ule ule uliokuwa ukizalisha oksijeni kwa usanisinuru mchana, kwa kasi iliyozidi kile ambacho maji hushika kwa kawaida, ndio uliokuwa ukiivuta usiku kucha pamoja na samaki na bakteria wa kwenye tope. Tukumbuke pia kwamba akiba yenyewe ni ndogo: lita moja ya hewa ina takriban miligramu 280 za oksijeni, lakini lita moja ya maji baridi yenye nyuzi 20 za Selsiasi hushika kama 9 tu, na yakipata joto la nyuzi 30 hushuka hadi 7.5 hivi, wakati ambapo mwili wa samaki, kwa joto hilo hilo, unahitaji oksijeni zaidi.

Mkia wa Kambare
Pole sana. Kwangu mwani haukuhusika, bali haraka yangu mwenyewe. Magugu yalikuwa yamefunika kidimbwi, nikayapiga dawa yote siku moja na kuyaacha yazame. Samaki hawakufa siku hiyo wala ya pili. Walianza kufa siku ya tano, magugu yalipolainika na kugeuka ujiuji, kwa maana bakteria wanaoozesha majani nao wanapumua. Muuzaji wa dawa alisema haidhuru samaki. Nadhani hakusema uongo, ila hakuniambia niyaondoe kwa awamu na kuyatoa nje ya maji.

Mvua ya Usiku
Naomba niongeze kisa cha tatu, ambacho hakikuwa na mwani mwingi wala magugu. Bwawa langu lina kina cha mita nne, na lilikuwa limepigwa jua wiki kadhaa bila upepo. Ikaja mvua kubwa ya baridi usiku. Asubuhi maji yalikuwa na rangi ya majivu, yakinuka kama mayai yaliyooza, na samaki walikuwa wamekwisha. Ilikuwa ni tabaka la chini lililopanda: maji ya juu yakipata joto huwa mepesi na kukaa juu ya yale ya baridi kama mafuta, hivyo yale ya chini hayakutani na hewa, na oksijeni yake huliwa na uozo hadi ibaki gesi ya salfaidi ya hidrojeni. Mvua ilipopoza maji ya juu, uzito ukalingana na vyote vikachanganyika. Katika Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takriban mita 1,470, maji ya vilindini hayapandi yote namna hiyo, ndiyo maana samaki wake wanaishi kwenye tabaka la juu tu, na sehemu kubwa ya ziwa chini yao haina oksijeni kabisa.

Mpindua Mawe
Mimi sina bwawa, nina mto na sina kipimo, lakini mawe hunieleza mengi. Juu ya bomba moja linalomwaga majitaka, nikipindua jiwe nakuta wadudu bapa wenye mikia mitatu kama nyuzi, wakikimbilia upande wa kivuli huku matamvua ya ubavuni yakipepea bila kutulia. Hatua mia chini ya bomba hakuna hata mmoja. Kuna mabuu mekundu yanayojinyonganyonga kwenye tope jeusi, na wekundu wao ni himoglobini, ile ile ya damu yetu, inayowawezesha kuambulia oksijeni kidogo iliyopo. Nikizidi kushuka, baada ya maporomoko madogo yanayotia hewa majini, wanatokea konokono, kisha wale wa mikia mitatu wanarejea. Wajerumani Kolkwitz na Marsson walikwisha kuandika mpangilio wa namna hii mwaka 1909, na bado nauamini kuliko chupa moja ya maji iliyochotwa mchana, ambayo haisemi lolote kuhusu usiku.

Kereng'ende
Ndugu Mpindua Mawe amenikumbusha viroboto-maji wa kwenye pipa langu, ambao kwa kawaida ni weupe wa kioo. Kiangazi kilichopita waligeuka waridi na sikuelewa. Kumbe nao huongeza himoglobini oksijeni inapopungua, kwa hiyo rangi ile ilikuwa onyo la siku kadhaa kabla.

Mwanzisha mada
Ahsanteni. Nimepunguza samaki, nimezuia maji ya samadi yaliyokuwa yakitiririka bwawani na kulisha mwani kwa fosforasi, na pampu ya hewa sasa naiwasha usiku wa manane, si mchana kama nilivyokuwa nikifanya kwa ujinga, saa ambazo mwani ulikuwa tayari unazalisha ya ziada. Leo saa kumi na moja alfajiri kipimo kimesoma 3.9. Samaki walikuwa chini, sikuwaona, na nilikaa ukingoni hadi kulipokucha nikiwasubiri wapande, wasipande.