Afisa uvuvi kuomba uzamivu wa sera za umma: nina nafasi?

Kutoka: Kijana wa Kirumba, Mwanza

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za huko. Mjomba wangu aliye Minnesota ndiye kaniingiza kwenye kundi hili.

Mimi ni afisa uvuvi wa halmashauri, nasimamia mwalo (pale mitumbwi inaposhushia samaki) upande wa Sengerema. Stashahada chuo cha uvuvi cha FETA Nyegezi, digrii ya uvuvi UDSM, uzamili wa maendeleo hapahapa Mwanza. Nataka kuomba uzamivu wa sera za umma nje. Shida ni kwamba nikisoma wasifu wa wanafunzi wa vyuo hivyo, huyu katoka benki kuu, yule wizara ya fedha, mwingine mchumi wa shirika kubwa. Mimi kazi yangu ni kupima sangara kwa rula na kugombana na wenye makokoro, nyavu haramu za kukokota. Nijaribu, au nitachekwa? Nina mke (mwalimu) na watoto wawili, sitaki kubahatisha.

Kichwa changu cha utafiti: "Changamoto za usimamizi shirikishi wa rasilimali za uvuvi katika Ziwa Victoria".

Kutoka: Dada wa Nyegezi, Marekani

Marahaba mdogo wangu.

Kwanza, hao unaowasoma kwenye kurasa wamejipiga pasi kabla ya kupigwa picha. Darasa nililoingia nalo lilikuwa na nesi, mwanajeshi mstaafu, mhandisi wa maji, mwalimu wa msingi, na vijana wawili waliotoka moja kwa moja kwenye digrii ya hisabati bila kufanya kazi popote. Mwaka wa kwanza vijana wale walipita kwenye uchumi mdogo (microeconomics) na takwimu wakipiga mluzi, mimi na nesi tukilia maktaba. Mwaka wa tatu, kila mtu alipotakiwa kuja na swali lake, wao ndio waliokuwa wakigonga milango ya maprofesa kuomba mada. Nesi alikuwa na maswali ya kugawa.

Kamati haijali sana cheo. Inajiuliza: huyu ataimudu hesabu ya mwaka wa kwanza? Na ana swali ambalo wengine hawana? La pili unalo tele. La kwanza watalitilia shaka, maana nakala yako ya matokeo imejaa biolojia ya samaki. Kwa hiyo kabla ya kuomba, soma kalkulasi na takwimu mahali panapotoa alama, siyo cheti cha kuhudhuria. Jifunze R, programu ya kuchambua takwimu, ni ya bure. Baadhi ya vyuo bado vinataka mtihani wa kujiunga uitwao GRE, na sehemu ya hesabu ndiyo wanayoiangalia kwanza.

Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi 2009 kwa kazi yake juu ya rasilimali za pamoja, hakupata njia kwenye uzamivu wa uchumi pale UCLA kwa sababu hesabu zake zilikuwa pungufu. Akaingia sayansi ya siasa, akaandika tasnifu juu ya maji ya ardhini ya Los Angeles yaliyokuwa yakivamiwa na maji ya bahari. Michael Kremer, wa Nobel ya 2019, alifundisha shule Kenya magharibi kabla ya uzamivu. Utafiti alioufanya baadaye na Edward Miguel juu ya dawa za minyoo mashuleni ulikuwa Busia, kwenye ziwa letu hilihili. (Usimtaje Ostrom kwenye aya ya kwanza, nakuomba. Kila mwombaji wa mambo ya uvuvi na misitu anamtaja, kamati inapiga miayo.)

Sasa kichwa chako. Samahani, hicho ni kichwa cha warsha ya hotelini. "Changamoto" ni kapu, kila kitu kinaingia. Wewe umeshika madaftari ya BMU, vikundi vya wanajamii vya kusimamia mwalo, kwa mikono yako. Uliza hivi: kwa nini mialo miwili iliyoundiwa BMU kwa kanuni zilezile, chini ya Sheria ile ile ya Uvuvi ya 2003, mmoja umejaa makokoro na mwingine hauna? Hapo profesa ataweka kikombe mezani.

Na takwimu zipo. Tangu mwaka 2000 nchi tatu zimekuwa zikifanya sensa ya uvuvi, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, chini ya LVFO, shirika lao la uvuvi wa Ziwa Victoria, kule Jinja: wavuvi, mitumbwi, injini, nyavu, mwalo kwa mwalo. Unajua sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Unajua pia anavuliwa, na kayabo yake (sangara wa chumvi aliyekaushwa) inapita wapi. Ziwa moja, samaki mmoja, serikali tatu: Tanzania karibu asilimia 51, Uganda 43, Kenya 6. Mtu wa sera akiona hivyo anajua kuna cha kulinganisha. Aliyetoka benki kuu hana hicho.

Kutoka: Kaka wa Bukoba, Uingereza

Nakubaliana na dada, ila naongezea upande wa familia, maana ndiyo iliyonifanya nisiende Marekani.

Marekani ukiingia kwa viza ya mwanafunzi, F-1, mkeo anapata F-2 na haruhusiwi kufanya kazi. J-1, ya programu za mabadilishano, ni afadhali, mwenza anaweza kuomba kibali cha kazi. Uingereza tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wamezuiwa kuleta familia, lakini uzamivu bado unaruhusiwa na mwenza anafanya kazi. Cha kuuma ni ada ya afya: pauni 776 kwa mwaka kwa kila kichwa, inalipwa yote mbele pamoja na viza. Mko wanne. Piga hesabu kwa miaka yote ya masomo, halafu kaa chini unywe maji. Kipimo cha kifua kikuu nacho ni lazima kwa anayetoka Tanzania.

Tofauti nyingine: huku unaingia na andiko la utafiti mkononi na msimamizi aliyekubali, masomo ya darasani ni machache, unamaliza miaka mitatu hadi minne. Marekani miaka miwili ya kwanza ni darasa na mitihani mikubwa, ila ukikubaliwa na ufadhili ada inafutwa na unalipwa posho kwa kusaidia kufundisha au utafiti. Maombi yao mengi hufungwa Desemba, na kwa vyuo vingi tarehe ya mwisho ya kukubali ufadhili ni 15 Aprili.

Viza za siku hizi zinageuka kama upepo wa ziwani saa kumi jioni. Usiuze kiwanja kabla viza haijatoka.

Kutoka: Mama wa Ukerewe, Ujerumani

Mwanangu, huku wengi wetu tunaosoma uzamivu tuna mkataba wa kazi chuoni, nusu ajira au zaidi kidogo, na bima humohumo. Nafasi zinatangazwa kama kazi nyingine, kwa hiyo angalia matangazo mwaka mzima.

Lingine, anza vibali mapema. Watu wanadhani kwa kuwa ni nyumbani wataingia tu. Soma mwongozo wa COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia inayotoa vibali vya utafiti, ukiwa mwaka wa kwanza, na barua zishuke ngazi kwa ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, halmashauri, mtendaji wa kata, wa kijiji. Ukiruka mmoja, huyo ndiye atakayekukalisha kwenye benchi mpaka mitumbwi iondoke.

Kutoka: Kijana wa Kirumba, Mwanza

Nashukuru sana. Dada, umenigusa penyewe. Mwalo wangu mwenyekiti wa BMU ana mitumbwi mitano, na kokoro linalokamatwa kila mara ni la shemeji yake. Mwalo wa jirani mwenyekiti ni mama mchuuzi wa dagaa, hana mtumbwi hata mmoja. Pale doria inatoka kweli. Sikuwahi kufikiri hilo ni utafiti, nilidhani ni umbea wa kazini.

Swali la mwisho: barua za mapendekezo ziwe za nani? Mkurugenzi wangu yuko tayari.

Kutoka: Dada wa Nyegezi, Marekani

Huo umbea ndiyo nadharia tete yako. Sasa tafuta mialo mingine uone kama inakukubali au inakukana: wenyeviti wenye mitumbwi, wasio nayo, wanawake, wanaume.

Barua mbili zitoke kwa waliokufundisha au kusimamia tasnifu yako, watu wanaoweza kusema umeandika nini na umekosolewa vipi ukasahihisha. Ya mkurugenzi iwe ya tatu, na mwombe aeleze tukio moja ulilolishughulikia mwaloni. Akiandika tu kwamba wewe ni mchapakazi na mwadilifu, haitakusaidia. Nitumie aya mbili za swali lako kabla ya Jumapili nizipitie.