Stresi ya kazini Uingereza, naweza kumdai mwajiri?

BintiPangani
Wakuu habari za wikiendi. Niko Leicester, nafanya kea homu (nyumba ya kutunzia wazee) mwaka wa tatu sasa. Tangu wenzetu wawili waondoke hawajaajiri mtu, mimi na dada mmoja Mzimbabwe ndo tunabeba shifti za usiku, wazee ishirini na kitu, meneja kila nikimlilia anasema vumilia tunatafuta mtu. Mwezi wa tatu nikakwama, nipo kwenye gari hapo paking ya kazini nalia tu siwezi hata kufungua mlango. Daktari akaandika depresheni, wiki sita nyumbani. Niliporudi wakaahidi kunipunguzia shifti, wakapunguza wiki mbili tu, sasa tuko kulekule na usingizi umeanza kuruka tena. Naweza kuwashtaki? Na msiniambie acha kazi, viza yangu iko mikononi mwao.

Mzee wa Nondo
Stresi nani hana dadangu. Ingekuwa inalipwa Dar nzima ingekuwa na maghorofa.

kaka_mshauri
Mzee wa Nondo mwache mwenzio, hilo ni gonjwa limeandikwa na daktari, na hapo ndo kesi inapoanzia. Kuchoka au kukasirishwa na bosi hakulipwi, lazima kuwe na ugonjwa wa akili unaotambulika.

Dada, kisa chako kinanikumbusha kesi ya Walker na halmashauri ya Northumberland. Huyu alikuwa anasimamia maofisa ustawi wa jamii, mafaili ya watoto wanaonyanyaswa yanazidi kila siku, mwishoni mwa 1986 akaanguka kiakili. Akarudi Machi 1987 kwa ahadi kwamba atapewa msaidizi, mwezi haujaisha msaidizi kaondolewa, Septemba kaanguka tena moja kwa moja. Mwaka 1994 jaji akasema ile mara ya kwanza mwajiri hakuwa na namna ya kujua, ila mara ya pili ameshaona mtu kaumia na kamrudisha kwenye mzigo uleule, huo ni uzembe. Wakaja kumalizana kwa pauni 175,000. Sasa wewe uko katikati ya ile ya kwanza na ya pili, ndo maana nakwambia fanya kitu LEO.

Mama Twins
Mnampa moyo sana. Mwambieni na upande wa pili. Kwenye kesi ya Hatton ya 2002 mahakama ya rufaa ilisikiliza kesi nne pamoja na watatu wakapoteza, yule mwalimu Hatton hakuwahi kuwaambia shuleni kwamba kazi ndo inamuumiza, basi. Mwajiri anaruhusiwa kuamini kwamba mtu mzima anaimudu kazi yake mpaka aonyeshwe vingine. Mmoja wa hao watatu, Barber, alikuja kushinda 2004 lakini ilibidi afike mpaka kwa mabwana wa House of Lords, mahakama ya juu kabisa wakati ule. Halafu jiandae, watafukua mafaili yako yote ya hospitali na kuuliza ndoa yako ikoje, wakikuta kingine kilichochangia wanakata fidia.

kaka_mshauri
Kweli, na ndo maana maneno ya mdomoni kwa meneja hayakusaidii, kesho atasema hukumwambia. Andika imeili, taja tarehe uliyorudi, taja walichoahidi, sema usingizi umeanza tena. Yule mama wa kampuni ya Intel, Daw, alilalamika mara 14, na kwa maandishi pia, kampuni ikajitetea kwamba ilikuwa na huduma ya ushauri nasaha, 2007 mahakama ikawaambia ushauri nasaha haupunguzi kazi mezani kwake, akalipwa pauni 134,000 na ushee. Kudai una miaka 3 tangu ulipojua umeumia na kazi ndo sababu. Uko kwenye chama cha wafanyakazi? UNISON kwa mfano wana wanasheria.

BintiPangani
Asanteni jamani. Sina chama na meneja nilikuwa namwambia mdomoni tu, ila kuna meseji za WhatsApp, ile ya kuniahidi kupunguza shifti ipo. Inahesabika?

Mama Twins
Inahesabika sana, piga skrinshoti ujitumie kwenye imeili yako binafsi, sio ya kazini.

Mzee wa Nondo
Nimeomba radhi dada. Pole.

BintiPangani
Usijali mzee. Naandika hiyo imeili sasa hivi, shifti saa mbili usiku.