Akisamehewa na Mungu, deni la kikundi limekwisha?

Mwanakwaya wa Chumbageni: Ndugu zangu wa Tanga, naomba mawazo yenu. Mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa alizitumia akiba za wanakwaya, kisha akasimama mbele ya usharika akatubu kwa machozi. Sasa kila tukimdai anajibu kwamba Mungu amekwisha kumsamehe, na kwamba anayemdai anafukua dhambi iliyozikwa. Je, msamaha wa Mungu unafuta na deni?

Mzee wa Raskazone: Sisi Wakatoliki tunasema haufuti. Zakayo, yule mtoza ushuru, aliahidi kuwarudishia mara nne wote aliowadhulumu, ndipo Bwana akasema wokovu umefika nyumbani mwake. Huyo wenu ametoa machozi, na machozi hayaandikwi kwenye daftari la akiba. Shida ya makanisa yenu ni kwamba hakuna padri wa kumwuliza mtu faraghani, "Fedha za watu umerudisha?"

Mlokole wa Makorora: Shikamoo Mzee, ila hilo la padri umelichomeka makusudi. Yohana anasema tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee. Hakusema tupange foleni kwa binadamu mwenzetu ambaye naye ana zake. Daudi alimchukua mke wa Uria na kumwulisha mumewe, na bado akaimba katika Zaburi ya 51, "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako." Hayo ya kuungama kwa padri yaliletwa na Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, na mwanamatengenezo Martin Luther akayafuta.

Mwalimu wa Pongwe: Tusipotoshane. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ndio ulioagiza kila muumini aungame walau mara moja kwa mwaka, tena ukiweka kiwango cha chini cha jambo ambalo tayari lilikuwapo. Trento ulikuja zaidi ya miaka 300 baadaye kulitetea. Wala Luther hakuyafuta. Ungamo la Augsburg, tamko la imani la mwaka 1530 ambalo sisi Walutheri tunalishika, linasema maondoleo ya dhambi ya faragha yabaki kanisani, ila mtu asilazimishwe kuorodhesha kila kosa. Na huyo Daudi, ni nani aliyemwambia kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake? Ni nabii Nathani, binadamu mwenye ndevu zake.

Binti Muheza: Sisi Waanglikana wa upande wa Magila tunaungama kwa padri tangu enzi za wamisionari, na hakuna anayeona ajabu. Lakini naomba mnijibu jambo moja: yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu alimrudishia nani nini? Mikono imepigiliwa, hana senti, na akaahidiwa pepo siku ile ile.

Mlokole wa Makorora: Mwalimu, acha ndevu za Nathani. Nathani alitumwa na Mungu kwa mtu mmoja, kwa kosa moja. Padri wa Mzee katumwa na nani?

Mzee wa Raskazone: Marahaba mwanangu, ingawa salamu yako ilikuja na miba. Katumwa na Bwana, jioni ya siku ya Ufufuko: "Wowote mtakaowaondolea dhambi, wameondolewa." Padri haondoi kwa uwezo wake. Tena Katekisimu yetu inafundisha kwamba ondoleo linafuta dhambi lakini haliponyi madhara yote iliyoyaleta, kwa hiyo aliyeiba hana budi kurudisha kadiri anavyoweza.

Mwanakwaya wa Chumbageni: Wazee wangu, nimeuliza habari ya deni mkanipeleka Laterano. Kikao chetu ni Jumamosi.

Mlokole wa Makorora: Mdaini, nani amekataza? Nathani alipomsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake, Daudi mwenyewe, kabla hajajua kwamba anajihukumu, alitamka kwamba mwana-kondoo yule alipwe mara nne. Kulipa sina ugomvi nako hata kidogo. Ninachokataa ni hiyo kauli ya "makanisa yenu", ambayo Mzee ameipita mara mbili bila kuiondoa.