Peugeot 504 na Datsun 160J: lipi lilikuwa gari hasa?

Mzee Kapi: Tuweke vipimo mezani. 504 lilitoka 1968 na injini ya cc 1796, baadaye ikawa 1971. Silinda hedi ya alumini, silivu, yaani bomba pistoni inamopanda na kushuka, unatoa unaweka mpya. Kwenye sedani kila tairi la nyuma lina springi yake, la kulia likiingia shimoni la kushoto halina habari. 160J ni cc 1595, kamshafti, mhimili unaofungua valvu, iko juu, gari jepesi, linaamka haraka, sikatai. Ila lilikuwa gari la makarani. Pakia watu saba Nairobi mpaka Malaba halafu uje tuongee.

Binti Tabora: Makarani wamekukosea nini? Baba alikuwa karani, 160J alilinunua kwa jasho lake. Hilo 504 lako mafuta ya serikali, dereva wa serikali, hata kuoshwa linaoshwa na serikali. Kila Jumamosi baba anafungua boneti ya 160J, anasugua pointi za cheche kwa kipande cha msasa, kisha anakikunja na kukirudisha mfuko wa shati. Mama alikuwa anafua misasa.

Spana 17: 😂😂 Mama kafua msasa. Ila Mzee Kapi, hao saba walikaa kwenye lile refu, na lile nyuma ni ekseli moja ngumu. Umesifu sedani, ukapakia abiria kwenye stesheni wagoni.

Mzee Kapi: Kijana, mimi nimeliendesha. Wewe umelisoma.

Spana 17: Mimi nimelala chini yake, shikamoo.

Kisumu Ndogo: Mbona mnazunguka? Mbio za magari za Safari Rally ndizo mtihani. Joginder Singh alishinda na Peugeot, kesi imekwisha.

Spana 17: Joginder alishinda 1965 na Volvo, kisha 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Peugeot 504 ni Ove Andersson 1975, na Nicolas 1978, tena lile la 1978 ni kupe, gari la milango miwili, la injini ya V6. Nani kwenu alibebea mahindi kupe? Shekhar Mehta na Datsun: 1979, 80, 81, 82. Hesabu mwenyewe.

Mzee Kapi: Datsun za Mehta zilifungwa vitu ambavyo karani hakuvionja hata ndotoni.

Binti Tabora: Karani tena! Huyu mzee ana deni na karani gani?

Kisumu Ndogo: Mama huyo wa kwanza na Volvo nilimchanganya kidogo tu. Lakini 504 hata likichoka linatembea. La shangazi Nakuru gia za usukani zilikuwa zimelegea, ukitafuta ya pili unapata ya nne, na sokoni kila siku lilifika.

Binti Tabora: "Mama huyo wa kwanza" ndiyo nani? Joginder alikuwa mwanamume.

Kisumu Ndogo: Simu hii inaandika inavyotaka.

Mzee Kapi: Hilo la Nakuru bado lipo? Mlango wa nyuma wa kushoto unafunga? Nautafuta mwaka wa pili sasa.